Kompyuta Iliyotunza Wasia wa Babu

Kompyuta ya baba niliiua mimi. Haikuuawa na vumbi la kahawa, wala baridi ya mwezi wa sita, wala umeme wa parokia. Niliifunika blanketi ikiwa imewashwa, nikaiacha humo ndani kama chungu cha maharage kilichosahauliwa motoni, na watu walipouliza nikasema si mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sasa nakaribia arobaini, nimesoma mpaka chuo kikuu, napata riziki kwa kuandika makala za kuwahimiza wengine waseme ukweli, na kwa miaka yote hiyo jibu langu halikubadilika.

Ningeendelea hivyo mpaka kaburini kama si kopo la maziwa ya unga. Baba alipofariki mwaka jana, kaka zangu walichukua kazi za heshima, za kupokea wageni na kujadili idadi ya ng'ombe, mimi nikapewa kabati. Juu ya kabati, nyuma ya vitabu vya nyimbo, kopo lilikuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake mlikuwa na diski ya kompyuta, imeviringishwa kwa kitambaa cha flaneli, kisha nailoni, kisha flaneli tena. Nilipofungua ilinijia harufu ya mafuta ya cherehani na plastiki iliyowahi kupata joto, na chini yake, kwa mbali, maganda ya kahawa. Nikakaa sakafuni. Kaka yangu alipochungulia akadhani namlilia baba.

Mashine ile ilifika kwetu tayari ikiwa mzee. Sista mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia baba kwa sababu baba aliongoza kwaya, na sista aliamini kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayeweza kupatanisha sauti nne za Wamatengo anaweza pia kuelewana na kompyuta. Ililetwa na gari la parokia, imelazwa juu ya godoro kama mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini. Kijiji chetu kiko juu milimani, upande wa Mapera, na wakati huo nyumba zilizokuwa na umeme zilihesabika kwa vidole: ya mapadri, ya masista, zahanati, na yetu, kwa kuwa waya ulipita nyuma ya choo chetu. Umeme wenyewe ulitoka kwenye mtambo mdogo wa maji bondeni. Majani yakiziba mlango wa maji, taa zilikuwa nyekundu kama macho ya mlevi.

Jumapili mchana sebule yetu iligeuka ukumbi. Baba aliweka sidii za kwaya, za harusi za watu tusiowajua, na za mpira uliokwisha chezwa zamani, ambao wanaume waliushangilia kana kwamba matokeo yangeweza kubadilika. Lakini kazi kubwa ya baba haikuwa kuonyesha. Ilikuwa kuhakikisha kwamba Jumapili ijayo mashine itawaka tena. Sijaona mwanamume akimtunza mkewe namna ile, na mama alilisema hilo waziwazi.

Kila Jumamosi aliifungua ubavu kwa bisibisi, akasafisha feni kwa unyoya wa jogoo, akaidondoshea tone moja la mafuta ya cherehani. Kadi za kumbukumbu alizichomoa na kuzisugua meno kwa kifutio cha penseli. Kifutio kilikuwa changu, ndiyo maana daftari zangu za hesabu za darasa la nne na la tano zimejaa makosa yaliyokatwa kwa mistari. Umeme ukishuka alinituma kwa masista. Nilikimbia hadi mlango wa nyuma wa konventi, nikapiga goti, nikauliza, "Shikamoo sista, baba anauliza, mmemaliza kupiga pasi?" Maana masista wakipiga pasi shela zao, kompyuta yetu ilizimia.

Asubuhi za baridi, na kwetu baridi ya katikati ya mwaka inaingia mpaka kwenye meno, mashine ilikoroma na kugoma. Baba aliiwasha saa mbili kabla ya kuihitaji.

"Ngoja ipate joto," alituambia. "Mashine ni kama mzee. Ukimwamsha ghafla, anatukana."

Babu, aliyekuwa amejifunika blanketi lake la kijivu pembeni ya mlango, alimjibu bila kufumbua macho. "Mimi situkani, mwalimu. Nakosa pumzi tu."

Basi mimi nikajifunza kwa utulivu kile nilichofundishwa: kwamba kompyuta na babu walikuwa na ugonjwa mmoja, na dawa yake ilikuwa joto.

Babu aliishi nyumba ya pili uani, akitunzwa na shangazi Osmunda, mdogo wake baba. Shangazi alirudi nyumbani baada ya mumewe kufariki na wakwe kumweleza kwamba mwanamke asiye na mtoto hana cha kusubiri pale. Alirudi na sanduku moja na jembe. Alimwogesha babu, alimpikia uji, na mchana alishuka bondeni kwenye kahawa. Kahawa ile ilikuwa imeachwa, imemezwa na magugu. Shangazi aliikata ikachipua upya, akachimba ngoro za mahindi, yale mashimo yetu ya kunasa maji, kwenye mteremko wa juu ili udongo usishuke na mvua, na baada ya misimu michache matawi yalikuwa yanainama. Mimi nilikuwa mkia wake. Nilimfuata kila alikokwenda, kwa sababu hakuwa na haraka ya kunijibu na hakunicheka.

Kwa mila yetu binti halithi shamba. Anakula kwa kaka zake. Lakini babu alianza kusema mambo. Wanaume wa ukoo walipokutana kwenye sengu, yaani pale wanapokula pamoja na kuamua mambo ya nyumba, alisema anataka kutoa wasia kuhusu kahawa ya bondeni, na kwamba atausema kwenye mashine ya mwalimu.

Baba mkubwa Kaspari, mtoto wa kwanza wa babu, aliweka tonge chini. "Kwa nini mashine, baba? Sisi hatuna masikio?"

"Masikio mnayo," babu alisema. "Ni midomo ninayoiogopa. Mdomo wa mtu hubadilika akishashiba."

"Basi tuandike karatasi."

"Karatasi siwezi kuisoma. Mtaniandikia mnachotaka, nami nitaweka dole gumba kama mjinga."

Akaweka sharti. Maneno yake yasisikilizwe kabla hajazikwa na matanga kumalizika, kwa sababu kuusikiliza wasia wa mtu aliye hai ni kumwonyesha mlango. Hakuna aliyeshangaa, kila mtu alijua hivyo ndivyo ilivyo. Sisi wanawake na watoto tulisikia yote kutoka jikoni. Shangazi alikuwa anakoroga ugali. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Siku babu aliporekodiwa, mimi na shangazi tulikuwa bondeni tunaosha kahawa kwenye kijito. Nilimuuliza kama anaogopa.

"Naogopa nini?"

"Kama babu atasema jina lako."

Alikamua maji kwenye vidole vyake. "Atalisema. Aliniambia jana nilipokuwa namnyoa. Ila kuniambia mimi si kitu, mimi ni mwanamke na ndiye ninayefaidi. Heri hiyo mashine. Haina ndugu, haina aibu. Itasema ilichoambiwa."

"Na isiposema?"

"Kwa nini isiseme? Baba yako anaibembeleza kuliko mama yako."

Tuliporudi tumebeba ndoo, baba alikuwa sebuleni anakunja waya wa kipaza sauti. Baba mkubwa alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa. Babu alikuwa amelala kwenye kiti.

"Maneno yamo ndani," baba alisema.

"Ulimsikia?" shangazi aliuliza.

"Nilibonyeza nikatoka. Mzee alitaka kubaki peke yake na mashine."

Shangazi aliitazama kompyuta kwa heshima ambayo hakuwahi kuionyesha kabla. Kuanzia siku hiyo aliifuta vumbi kila asubuhi kwa upindo wa khanga yake, akipita karibu na vitufe bila kuvigusa, kama anayefuta altare. Na mimi, niliyeambiwa kwamba babu amesema na maneno yake yamo ndani, sikuona sababu ya kufikiri kwamba ni maneno tu. Nilidhani sehemu fulani ya babu imeingia mle pamoja nayo. Ndiyo maana, nilijiambia, tangu siku ile anakohoa kwa sauti ndogo zaidi.

Mwaka ule mvua zilichelewa kuisha. Kahawa ya mwisho ya msimu uliopita, iliyobaki kwenye maganda, ilikuwa inapata unyevu kwenye nyumba ya babu, na baba akamwambia shangazi aihamishie sebuleni kwetu, kwenye bati zuri na sakafu ya saruji. Magunia yakapangwa ukutani. Kila ulipopita ulisikia yakichakarisha, na vumbi jepesi la njano lilikaa juu ya kila kitu. Baba aliongeza siku za unyoya wa jogoo, akasafisha mara mbili kwa wiki.

Babu alifariki katikati ya baridi. Nakumbuka zaidi ukoo ulivyojaa uani, mashangazi wa mbali waliokuja wakilia kuanzia njia panda, na blanketi la kijivu lililokunjwa na kuwekwa sebuleni pamoja na koti na viatu vyake, vikisubiri kugawiwa siku ya kumaliza matanga.

Siku hiyo ilipofika, baba aliiwasha mashine saa sita mchana. Kikao kilikuwa cha saa nane. Akatoka kupokea wazee. Nikaingia sebuleni, nikaisikia ikikoroma. Ubaridi ulikuwa unapenya chini ya mlango. Nikafikiri kwamba baada ya muda mfupi babu ataamshwa aseme mbele ya watu wote, na kwamba akiamshwa na baridi atakosa pumzi, na akikosa pumzi hatalimaliza jina la shangazi. Nikachukua blanketi lake. Nikalifunika lile kasha lote, mbele na nyuma, nikalichomeka pembeni vizuri kama shangazi alivyokuwa akimchomekea miguuni. Nikaenda jikoni kupepeta mchele.

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Skrini ilikuwa nyeusi. Blanketi lilikuwa la moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi, na kwenye kasha hakukuwa na mkoromo wowote. Nililikunja, nikalirudisha juu ya koti, nikafungua dirisha. Mpaka leo najua kukunja nguo haraka kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Saa nane wanaume walikaa sebuleni na barazani, wanawake wakasimama uani upande wa dirisha. Shangazi alikuwa amevaa khanga mpya. Baba akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Labda masista wanapiga pasi," mtu akasema.

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani. Baba akanitazama. "Kimbia ukaulize."

Nikakimbia. Nilijua tatizo si pasi, nikakimbia vilevile, nikapiga goti, nikauliza, nikaambiwa leo hawapigi pasi, nikarudi mbio nikiwa na jibu hilo kama mtoto mwema. Nilipoingia nikakuta baba ameshafungua ubavu wa mashine mbele ya ukoo mzima. Aliingiza unyoya kwenye feni, akauchomoa, akauinua watu wauone. Ulikuwa wa njano.

"Kahawa," alisema. "Vumbi limeziba feni. Imeungua. Na diski imekwenda nayo."

Baba mkubwa Kaspari aligeuka kuyatazama magunia. "Nani aliyeweka haya humu?"

Shangazi alijibu kutoka dirishani. "Mimi. Mwalimu aliniambia niyalete, kule kwa baba kulikuwa na unyevu."

Baba alikuwa anarudisha skrubu, moja baada ya nyingine. Hakusema kwamba ndivyo ilivyokuwa, na hakusema kwamba sivyo. Kisha akauliza, kwa sauti ya darasani, "Kuna mtu aliigusa mashine leo?"

Macho yake yalipita kwa watoto, yakafika kwangu.

"Si mimi," nikasema. Hakuwa ameniuliza mimi peke yangu.

"Basi," alisema baba mkubwa, "mzee hakusema."

Ikaamuliwa kimila. Bonde likagawanywa kwa watoto wawili wa kiume. Osmunda hatafukuzwa, alisema baba mkubwa, atakaa na kulima atakapoonyeshwa. Mzee mmoja wa mbali, mwenye nia njema, aliongeza kwamba hata hivyo aliyeleta vumbi ni mwenyewe, asimlaumu mtu. Shangazi aliitikia, "Ndiyo, baba," akaondoka dirishani. Alipogawiwa blanketi la kijivu, kama aliyemuuguza marehemu, alilipokea kwa mikono miwili.

Hakungoja kuonyeshwa mahali pa kulima. Marehemu bibi yangu, mama yake, alikuwa Mnyasa, na wajomba walikuwa Liuli, ziwani. Aliondoka wiki ileile na sanduku lake na jembe. Nilimsindikiza mpaka gari la mizigo lilipokuwa linapakia. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni kama ugali wa moto. Aliniangalia akasema, "Usilie. Ile ni mashine tu. Nilikuwa mjinga kuiamini." Nikalia zaidi, na kwa kuwa hakuna aliyejua ninalilia nini, nikasifiwa kwa upendo wangu.

Ninachotaka wasomaji wa rika langu wanisaidie kuelewa ni kilichofuata, kwa sababu nilikiona kwa macho yangu na sikukiona. Haikupita miezi miwili, mashine ikawaka. Baba alikwenda Songea, akarudi na kifaa cha kupokelea umeme na diski nyingine, vyote vimetumika, akafunga. Jumapili kwaya ikaimba. Kijiji kikamshangilia.

Nilimuuliza, "Na maneno ya babu?"

"Mwili umepona," alisema. "Kumbukumbu zimekwenda."

Nikaridhika. Mtoto mwenye hatia huridhika upesi. Na mashine ile ikaishi miaka mingine mingi, kinyume cha sheria zote za vyuma. Baba aliibadilisha feni, akaifungia ya friji ya zahanati iliyokufa, ikawa inavuma kama mtambo wa kusaga. Nyaya zilipokatika alizifunga kwa nyuzi za gitaa. Kijiji kizima kilipopata umeme na watu wakanunua televisheni zao, aliendelea kuisugua meno kwa kifutio kila Jumamosi, akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikiwa chuoni niliandika insha kuhusu uvumilivu wake. Mhadhiri aliipenda. Karo ya sekondari na matumizi ya chuo, niseme pia, vilitoka kwenye kahawa ya bondeni, kwenye fungu la baba, kwenye mashina aliyoyakata shangazi yakachipua. Nilijua hivyo wakati naandika insha. Sikuliweka humo.

Nilikwenda Liuli mara moja tu, likizo ya mwaka wa pili. Nilijiandaa njia nzima kusema. Nilimkuta ufukweni anaanika dagaa kwenye kichanja, amekonda, mikono imepasuka kwa maji na jua. Alinifurahia sana. Alinipa ugali wa muhogo na samaki, akanitambulisha kwa majirani kama "mwanangu wa chuo kikuu". Alikuwa amepanga chumba kwa mtu. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, halina shamba.

"Ile mashine bado inaimba?" aliuliza.

"Inaimba, shangazi."

"Mwalimu hodari." Alikuwa anageuza dagaa kwa viganja, akitupa vichwa vilivyooza. "Unajua mimi huwa najiuliza. Yale magunia niliyafunga midomo vizuri. Niliyashona. Hivi lile vumbi lote lilitokea wapi?"

Hii ndiyo nafasi ambayo watu huomba kwa Mungu. Ufukwe mzima ulikuwa wetu. Hakuwa na hasira, alikuwa ameuliza kama anayeuliza njia.

"Maganda yalikuwa makavu sana, shangazi," nikasema. "Ni kahawa tu."

"Ee," alisema. "Labda." Akaendelea kugeuza.

Alifariki miaka michache baadaye kwa homa iliyochelewa kutibiwa. Walimzika hukohuko ziwani, kwenye mchanga. Baba alikwenda, mimi nilikuwa na semina.

Kwa hiyo nilipoishika diski ile sakafuni chumbani kwa baba, sikuwa natafuta shamba. Fungu la baba sasa ni letu, kaka zangu wamekwisha anza kulipima kwa hatua. La baba mkubwa linalimwa na wanawe, naye alitangulia kabla ya baba. Shangazi hakuacha mtoto wa kurudishiwa chochote. Nilitaka jambo moja tu, la kibinafsi na la kitoto: kujua kama niliua. Kama ule moto wa blanketi ndio uliolichoma jina lake. Nilitaka mtu mwenye vifaa aniambie, ndiyo, dada, imeungua, ili nibebe mzigo wangu nikijua uzito wake. Kuna faraja fulani katika kuwa na hakika kwamba wewe ndiye mbaya.

Nikaipeleka Dar es Salaam, kwa fundi mmoja wa Kariakoo mwenye chumba cha upana wa meza. Aliigeuza geuza, akapuliza, akasema diski za namna hii yeye huziona kwenye ndoto tu, niache namba. Nilimweleza kwamba iliungua. Nilimweleza na feni, na vumbi, na jinsi kompyuta ilivyonuka. Blanketi sikulitaja.

Alipiga siku ya tatu, asubuhi, nikiwa jikoni.

"Dada, nani alikwambia hii diski iliungua?"

"Baba yangu. Alikuwa anajua kompyuta."

"Haina ugonjwa wowote. Nimechomeka, imesoma hapohapo, mara ya kwanza. Kilichoungua kwenu kitakuwa ni kifaa cha umeme, kile cha kubadilisha tu. Hii mngeifungia humohumo ikaendelea na kazi."

Nilikaa juu ya mfuniko wa ndoo ya maji. Nilimuuliza kama kuna sauti iliyorekodiwa.

"Ipo moja. Ndefu kidogo. Mzee anaongea, lakini ni kilugha, sielewi. Nikuwekee usikie?"

Akaisogeza simu kwenye spika. Kwanza ukaja mkoromo wa mashine, uleule. Kisha babu akakohoa, akaanza kusema kwa Kimatengo, polepole, kwa pumzi yake fupi. Alitaja mpaka wa bonde, jiwe hadi kijito. Alisema kahawa iliyo humo ameipanda yeye na ameiponya Osmunda, na kwa hiyo ni ya Osmunda, na asiwepo mtu wa kumtoa. Hakukosa pumzi. Alilitamka jina lake mara tatu.

Halafu akasema, "Kaspari, umesikia?"

"Nimesikia, baba," alisema baba mkubwa.

"Na wewe mwalimu?"

Hapo mkoromo wa feni ulibaki peke yake kwa muda. Nilifikiri imekwisha. Kisha, karibu kabisa na kipaza sauti, akiwa kijana kuliko nilivyo mimi sasa, baba yangu akajibu.

"Nimesikia, baba."

Sauti ikakatika. Fundi akarudi kwenye simu.

"Dada, upo? Umewatambua?"

"Nimewatambua."

"Wanasema nini hao wazee?"

Nje, jirani alikuwa anafua. Nilimsikia akikung'uta nguo na kuianika, akichukua nyingine. Fundi alisubiri kwa adabu.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Wanasalimiana tu."